Pweza wa Abigail

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Somo la wiki hii ni Luka 12:13-21, mfano wa tajiri aliyepanga kujenga ghala kubwa zaidi, na usiku uleule roho yake ikatakiwa.

Juzi mpwa wangu alinionyesha filamu, Triangle of Sadness ya Msweden Ruben Östlund, iliyotwaa tuzo kuu ya Cannes mwaka 2022. Si ya kuangalia na watoto, na kama mko mezani mnakula msiifungue kabisa. Ni kejeli tupu kwa matajiri waliopanda meli ya anasa. Yumo Mrusi aliyetajirikia mbolea. Wamo wazee wawili Waingereza, mtu na mkewe, wapole kweli. Mali yao imetoka kwenye maguruneti. Maharamia wanaporusha guruneti melini, bibi analiokota na kumuuliza mumewe kama hilo si la kwao. Nilicheka mpaka machozi.

Kicheko kilinikauka ufukweni. Meli imezama, na walionusurika hawajui kuvua wala kuwasha moto. Anayejua ni mmoja, Abigail, Mfilipino aliyekuwa akisafisha vyoo. Anaingia majini, anatoka na pweza, kama akina mama wa Msimbati, pwani yetu ya Mtwara, maji yakitoka. Nikasema moyoni, ndiyo haya Mariamu aliyoimba, "wanyonge amewakweza". Kumbe subiri agawe. Fungu nono linabaki kwake, na anayetaka kipande kingine lazima kwanza atamke kwamba kapteni ni Abigail. Wanatamka, mmoja mmoja.

Nikarudi kwenye Luka, nikaona jambo nililolipita miaka yote. Mfano ule Yesu hakumpigia tajiri. Aliyemjia ni mtu anayelalamika kwamba ndugu yake hampi urithi, na huenda kweli alidhulumiwa. Sisi tungemwitia kikao cha ukoo. Bwana akawageukia wote: "Angalieni, jilindeni na choyo." Halafu ndiyo zikaja ghala.

Ghala sisi wa Mtwara tunazijua. Msimu wa korosho ukifika, kila kijiwe ni bei ya mnada, makato, malipo kuchelewa, wanunuzi wakubwa na meli zao bandarini. Mengi ya manung'uniko hayo ni ya haki, siyapingi. Lakini kangomba, kule kununua korosho ya mtu kabla haijavunwa, haifanywi na mwenye meli. Kangomba ni jirani kwa jirani. Januari mtu hana sare za mtoto, unga umekwisha, mikorosho yake bado haina hata ua. Unampa fedha kidogo, unaandika kwenye daftari kilo zake za Oktoba, kwa bei unayoitaka wewe.

Mwaka mmoja nami nilichukua magunia mawili kwa mtindo huo, kwa mama mmoja tunayesali naye. Aliyaleta mwenyewe mpaka mlangoni. Alinishukuru, akaniita bosi, nami nikaitika.