Programu ya kikoba: namba za simu zilizoota herufi

Jumamosi usiku. Mama mdogo, mweka hazina wa kikoba chao, kaniandikia: "Mwanangu, namba za watu zimeota herufi." Kweli. Majina yanasomeka, michango inasomeka (50000.0, ile nukta sifuri nilishaikata kienyeji), ila simu inatoka 7.12345678E8. Programu niliyoiandika kwa Java husoma orodha yao kwenye faili la Excel, na kwa kila seli mimi naita cell.toString() tu, yaani "nipe kilichomo kama maandishi", basi. Jibu liko ndani ya Apache POI, maktaba ya Java inayosoma faili za Excel.

Nikaweka brekipointi (alama ya kusimamisha programu kwenye mstari fulani), nikabonyeza F5 niingie ndani ya msimbo wa POI. Eclipse, programu ninayoandikia msimbo, ikanijibu "Source not found", yaani msimbo chanzo haujapatikana. Mradi huu hauna Maven (chombo cha kupakua maktaba), faili za .jar za maktaba nilizitupa tu kwenye folda ya lib, na humo mna .class peke yake, yaani msimbo uliokwisha kutafsiriwa kwa ajili ya mashine. Nikapakua poi-4.1.2-sources.jar, nikabonyeza "Attach Source", nikaielekeza. Bado patupu. Dakika ishirini zikapotea kabla sijang'amua kwamba XSSFCell, ile aina ya seli ninayoiita, haikai kwenye poi, inakaa kwenye faili jingine la maktaba hiyohiyo, poi-ooxml.

Jumapili. Nikachukua msimbo chanzo wa poi-ooxml 5.2.3, uliokuwa tayari kwenye .m2 (folda ambamo Maven huhifadhi maktaba) kwa ajili ya mradi mwingine. Ukafunguka! Ila mshale wa dibaga (chombo cha kufuata programu mstari kwa mstari) ukawa unatembea kama mlevi: mara umesimama kwenye maelezo, mara kwenye mabano matupu. Faili la .class hubeba namba za mistari tu, maandishi yenyewe hayamo. Eclipse huhesabu mistari ya faili ulilolipa, na ukilipa la toleo jingine huhesabu hivyohivyo bila kulalamika. Afadhali hata ile "Source not found", haikudanganyi.

Nikashusha poi-ooxml-4.1.2-sources.jar, toleo lilelile ninalotumia. F5 tena, mshale ukatua ndani ya toString, tawi la NUMERIC (seli zenye tarakimu):

return Double.toString(getNumericCellValue());

Kumbe! Excel iliichukua simu kama tarakimu ikala sifuri ya mbele, na Java huandika double (namba ya desimali) kwa mtindo wa E kuanzia milioni 10; E8 maana yake zidisha kwa 10 mara nane. Michango ya akina mama haifiki huko, ndiyo maana ilipona.

Sasa natumia DataFormatter ya POI na formatCellValue(cell), inayotoa namba kama Excel inavyoionyesha. Inatoka 712345678, sifuri naibandika mwenyewe. Nimemwomba mama mdogo aifanye safu ya simu iwe ya maandishi. Kasema niende nikaifanye mwenyewe, na nisiende mikono mitupu.