Kundi la voliumu lililojificha nyuma ya nywila

Wiki iliyopita nilihamishia mfumo wangu wa Debian (aina ya Linux) kwenye diski mpya niliyoisimba kwa LUKS, njia ya usimbaji inayofunguliwa kwa nywila. Ndani yake nikaunda LVM, utaratibu wa kugawa diski katika voliumu zinazokaa katika kundi moja; langu lilikuwa na voliumu tatu. Nilipoiwasha upya kompyuta, ililalamika kwamba kundi la voliumu halionekani, kisha ikaniacha kwenye initramfs, mfumo mdogo wa muda unaotangulia mfumo wenyewe.

Kwa kuwa ujumbe uliitaja LVM, niliilaumu LVM. Niliwasha kompyuta kwa flashi, nikarudia vgscan, amri ya kutafuta makundi ya voliumu, kama anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu, nikafikia hata kuutilia shaka waya wa diski. Jambo ambalo lingenizindua mapema ni lile lisilotokea: sikuulizwa nywila. LVM ikiwa ndani ya LUKS, vgscan haiwezi kuona kitu mpaka tabaka la nje lifunguliwe.

Nilipolifungua kwa mkono kwa cryptsetup open na kuliamsha kundi kwa vgchange -ay, voliumu zote zilijitokeza zikiwa nzima, nami nikajua kwamba data ni salama na kosa limo katika maelekezo ya uwashaji. Nililikuta ndani ya /etc/crypttab, faili inayoeleza ni diski zipi zilizosimbwa zifunguliwe na kwa jina gani. UUID (kitambulisho cha kipekee) niliyoinakili kutoka kwa blkid, amri inayoorodhesha vitambulisho hivyo, ilikuwa ya mstari wa LVM2_member badala ya ule wa crypto_LUKS, yaani niliiagiza kompyuta itafute kitu ambacho hakionekani mpaka kwanza kifunguliwe. Ningetazama kwa makini ningeshtuka, maana UUID ya LUKS huwa na tarakimu za heksadesimali katika mafungu ya 8-4-4-4-12, ilhali ya LVM huchanganya herufi kubwa na ndogo na huanza na fungu la 6.

Nilisahihisha mstari huo, nikapachika voliumu ya mfumo pamoja na /boot, nikaingia ndani ya mfumo huo kwa chroot na kuijenga upya initramfs kwa update-initramfs -u -k all. Likatokea onyo, ambalo nakiri nilitamani kulipuuza: nilikuwa nimeifungua diski kwa jina tofauti na lile la crypttab, kwa hiyo mpangilio wake haukuingizwa kwenye initramfs. Ilinibidi nitoke, niondoe mipachiko yote, nizime kundi kwa vgchange -an, nifunge LUKS, kisha nifungue upya kwa jina lilelile na kurudia kazi nzima.

Safari hii niliulizwa nywila. Kabla ya kufanya lolote lingine nilihifadhi nakala ya kichwa cha LUKS (sehemu inayohifadhi funguo za diski) kwa luksHeaderBackup, nikaiweka kwenye flashi nje ya kompyuta hiyo.