Kiyoyozi kinapuliza lakini hakipoozi

Kabla hujamwita fundi, shika rimoti. Alama iwe ya theluji, si ya feni wala tone la maji, na nyuzi joto ziwe chini ya zile za chumbani. Baada ya dakika 15, pima joto la hewa inayoingia kwenye mashine na ile inayotoka. Tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 za Selsiasi inatosha.

Ikiwa ndogo, anza na chujio. Lioshe kwa maji ya vuguvugu, likauke kivulini. Hewa isipopita vizuri, koili ya ndani, yaani mabomba yanayopooza hewa, huganda barafu. Usiibandue kwa kisu! Zima upoozaji, acha feni peke yake mpaka iyeyuke.

Nje, mashine ikinguruma na feni haizunguki, mara nyingi kapasita, kifaa kidogo kinachohifadhi umeme wa kuiwasha, imekufa. Hiyo mwachie fundi, maana hubaki na chaji hata umeme ukizimwa.

Kuhusu gesi ya kupoozea iliyo ndani ya mabomba nasema wazi: haiishi kwa matumizi. Ikipungua, inavuja mahali. Tazama nati za mabomba ya shaba. Doa la mafuta lenye vumbi ni dalili, na povu la sabuni litaonyesha tundu. Barafu kwenye bomba jembamba nayo hutia shaka. Fundi anayeongeza gesi bila kuziba anakurudisha palepale. Azibe, avute hewa yote kwa pampu ya vakyumu, kisha apime gesi kwa mizani, gramu zilezile zilizoandikwa kwenye kibati cha mashine ya nje.