Nusura Niing'oe Pikapu: Miaka Minne na Akitopu ya Marudio

Wiki sita za kwanza sikulipenda gitaa langu. Nilikuwa nimelitamani kwa miaka, nimelitazama kwenye picha mpaka nikajua lina skrubu ngapi, na siku lilipofika nikalitoa kwenye sanduku, nikapiga kodi moja, yaani noti kadhaa kwa pamoja, likatoa mlio wa debe lililofunikwa blanketi. Nikajiambia pengine mikono yangu imechoka. Kesho yake likalia vilevile.

Ni gitaa la umeme aina ya akitopu: tumbo tupu kabisa, uso uliobinuka kama wa fidla, na matundu mawili yenye umbo la herufi f. Ni toleo la marudio, yaani kiwanda cha leo kimechukua muundo wa miaka ya 1950 na kuutengeneza upya. Upana wake kwenye sehemu pana ya chini unakaribia sentimita 41, kina chake ni sentimita nane na nusu hivi, na lina pikapu mbili za koili moja, yaani msokoto mmoja wa waya, mfano wa zile za zamani ziitwazo P-90. (Pikapu nasema ile sumaku iliyozungushiwa waya chini ya nyuzi, msije mkadhani nilinunua gari.) Kiwanda sikitaji. Nina malalamiko, na gitaa moja halitoshi kuhukumia kiwanda kizima.

Kilichoniuma kwanza ni kugundua kwamba uso wake ni wa plaiwudi. Mimi nilikuwa nimejaa habari za magitaa kama L-5 la Gibson, kiwanda cha Marekani, lililotoka 1922 na uso wa mbao nzima uliochongwa. Plaiwudi nikaiona ubahili wa watengenezaji wa siku hizi. Kumbe plaiwudi ndiyo asili yenyewe. Gibson walipoleta ES-175 mwaka 1949, na jina hilo lilitokana na bei yake ya dola 175, waliacha kuchonga, wakabandika tabaka za mbao na kuzikandamiza kwenye kalibu mpaka zikabinuka. Iliwapunguzia gharama, na pia uso wa namna hiyo ni mgumu zaidi, hautikisiki ovyo mbele ya amplifaya. Joe Pass alipiga jazi kwa gitaa la namna hiyo, na Steve Howe akaliingiza kwenye roki. Kwa hiyo ile sauti kavu, ya kudunda na kunyamaza, niliyokuwa naifukuzia kwenye rekodi za zamani, ilikuwa sauti ya plaiwudi tangu mwanzo. Hilo nililisoma baadaye. Wakati huo nilikuwa tayari nimeshaamua mkosaji ni nani.

Nilimbandika kosa pikapu. Kwenye gitaa la umeme ndicho kitu cha kwanza kulaumiwa, kwa sababu kinauzwa peke yake na kina maneno mengi ya sifa. Nikaagiza jozi nyingine, nikampelekea fundi mmoja mzee pamoja na gitaa, nikamwomba abadilishe.

Hakushika bisibisi. Alilipakata bila kuliunganisha na umeme, akabonyeza uzi mmoja mmoja, akatega sikio. Akaniuliza, "Mwanangu, unataka nibadilishe maikrofoni kabla sijamsikiliza mwimbaji?" Kisha akachukua kipande cha karatasi ya kawaida ya kuandikia na kukichomeka chini ya mguu wa daraja. Kikapenya. Akakisukuma mpaka kikatokea upande wa pili.

Hapo ndipo nilipoanza kulielewa gitaa langu. Daraja la akitopu halijagundishwa wala kufungwa kwa skrubu. Limeketi tu juu ya uso na kukandamizwa na nyuzi, ambazo zinapita juu yake na kwenda kushikwa na mkia wa chuma ulioning'inia chini. Kila mtikisiko wa uzi unapita kwenye ile miguu miwili ya mti kabla haujaufikia uso. Sasa uso umebinuka, na chini ya mguu wangu mmoja kulikuwa na mwanya wa kupitisha karatasi, yaani daraja lilikuwa limesimama kwenye kingo tu, kama meza mbovu. Kiwandani walikuwa wameliweka daraja la kutengenezwa kwa wingi, na hakuna aliyelisawazisha na mbinuko wa uso ule. Nikamwambia, "Mzee, nisaidie basi." Akanijibu kwamba kazi hiyo nitaifanya mwenyewe, akanieleza namna, akanirudishia na pikapu zangu ndani ya boksi lao.

Nilifanya hivi. Kwanza nilibandika utepe wa karatasi kuzunguka daraja, ili nijue lilipokuwa, maana ukilegeza nyuzi zote linaondoka na hutakumbuka mahali pake. Nikalitoa. Nikalaza msasa juu ya uso wa gitaa pale pale daraja linapokaa, upande wenye makali ukitazama juu, nikaushikiza kwa utepe. Kisha nikasugua miguu ya daraja juu ya msasa huo, taratibu, nikifuata mwelekeo wa shingo. Kwa njia hiyo uso wenyewe ndio unaouchonga mguu.

Mara ya kwanza niliharibu. Nilisugua kwenda na kurudi kwa haraka, daraja likawa linayumba mkononi, na badala ya kufuata mbinuko nikapata miguu ya mviringo kama ya kiti cha kubembea. Ilibidi nianze tena, nikisukuma upande mmoja tu na kuinua wakati wa kurudi, vidole vikibana karibu na miguu na si juu kwenye meno ya nyuzi. Nilichora mistari ya penseli chini ya miguu. Ilipofutika yote kwa usawa nikajua nimefika. Nilianza na msasa mkali nikamalizia na mlaini. Jioni mbili nzima zilikwisha hapo.

Niliporudisha nyuzi nilipiga uzi wa chini kabisa, na kiganja changu kilichokuwa kimegusa mgongo wa gitaa kikahisi mtikisiko ambao sikuwahi kuuhisi. Sauti haikuwa kubwa sana kuliko awali. Lakini ile blanketi ilikuwa imeondoka.

Mahali pa daraja nako kuna hesabu. Kwenye gitaa langu, kutoka kijipande cha mfupa kilicho juu ya shingo hadi freti ya 12 (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo) ni sentimita 31.4, kwa hiyo daraja linakaa kama sentimita 62.8 kutoka hapo, na milimita kadhaa za nyongeza, nyingi zaidi upande wa nyuzi nene. Baada ya hapo ni sikio. Nagusa uzi juu ya freti ya 12 kupata haramoniki, ule mlio mwembamba wa uzi ulioguswa bila kubonyezwa, kisha nabonyeza freti ileile na kulinganisha. Noti iliyobonyezwa ikiwa juu, nasogeza daraja nyuma kuelekea mkia. Ikiwa chini, nalileta mbele. Nyuzi tano zilikubali. Wa tatu ukakataa katakata.

Huo wa tatu ulinifundisha jambo la nyuzi. Gitaa lilikuja na nyuzi nyepesi za namba 10 (ni unene wa uzi mwembamba kabisa, kwa elfu za inchi), za magitaa yasiyo na tumbo tupu, na uzi wa tatu ulikuwa mtupu, haujazungushiwa waya. Lakini daraja la zamani lenye mti wa kipande kimoja limechongwa ngazi zake kwa uzi wa tatu uliozungushiwa, kwa sababu ndizo nyuzi za enzi hizo. Walirudia umbo la gitaa, wakarudia na daraja, kisha wakalifunga nyuzi za zama nyingine! Nikaweka za namba 12, zilizozungushiwa utepe bapa, laini kwa kidole na zisizo na ule mwasho wa waya mpya. Wa tatu ukatulia.

Nyuzi nzito zina gharama zake. Shingo ilivutwa mbele, nikalazimika kukaza kidogo kile chuma kilichomo ndani, robo mzunguko kisha nangoja hadi kesho. Nabonyeza freti ya kwanza na ile iliyo pale shingo inapokutana na mwili, natazama mwanya kwenye freti ya saba: robo milimita inanitosha. Mifereji ya ule mfupa wa juu nayo ilikuwa myembamba kwa namba 12, nyuzi zikawa zinakwama na kulia "tii" kila nikityuni. Hiyo nilimrudishia fundi. Mfereji ukiuchimba kupita kiasi hauzibiki kwa majuto.

Pikapu zenyewe? Nilizishusha. Basi. Zilikuwa zimepandishwa karibu mno na nyuzi, hasa ile ya upande wa shingo. Zinavuma, ni kweli, nikiwa karibu na taa fulani naligeuza gitaa pembeni mpaka zinyamaze. Koili moja ndivyo ilivyo. Ndiyo sababu Seth Lover wa Gibson alibuni katikati ya miaka ya 1950 pikapu ya koili mbili zinazoua mvumo. Mimi mvumo huo nimeuzoea kama mtu anavyozoea saa ya ukutani.

Kilichonisumbua zaidi ni mitetemo. Tumbo tupu ni ngoma, na kila kilicholegea juu yake kinaongea. Kwa mwezi mzima noti moja ya katikati ilikuwa inazirrr kama nzi ndani ya chupa. Nilikaza vigingi vya kukazia nyuzi, nikakaza jeki ya waya, nikabonyeza kila pembe huku mwenzangu akipiga noti ileile mara arobaini kwa uvumilivu ambao sijamlipa. Mkosaji alikuwa kibano cha lile bamba la plastiki la kukinga uso. Kipande cha sifongo kikamaliza maneno. Zile sehemu fupi za nyuzi kati ya daraja na mkia nazo hulia zenyewe, kama mwangwi wa kengele ndogo. Nimepitisha ukanda wa ngozi kati yake, juu ya uzi mmoja chini ya mwingine.

Jukwaani ni habari nyingine. Sauti ya amplifaya inaingia tumboni, uso unatikisika, nyuzi zinatikisika, pikapu inasoma, amplifaya inaongeza, na ndani ya sekunde mbili ukumbi mzima unasikia ng'ombe. Langu hupenda kufanya hivyo kwenye noti ya La ya chini. Watengenezaji walilijua tatizo hili zamani. Mwaka 1958 Gibson walitoa ES-335, lenye gogo la mti katikati ya tumbo ili kulituliza. Mimi sina gogo, nina matambara mawili ninayoyachomeka kwenye matundu ya f, naweka amplifaya ubavuni badala ya mgongoni, na napunguza besi kuliko masikio yanavyotaka. Anayetaka kupiga kwa kelele nyingi anunue gitaa lingine. Hili silitetei.

Mwaka wa tatu nilipata nafasi niliyoitamani: alasiri nzima na gitaa la asili, si la marudio, la mwishoni mwa miaka ya 1950, mali ya mpiga solo mmoja aliyenizidi umri kwa mbali. Tuliyaweka yote mawili kwenye amplifaya moja. Lake lilikuwa jepesi, ukilinyanyua mkono unashtuka. Rangi yake ni ile laka nyembamba ya zamani iliyopasuka vijistari kama udongo mkavu, langu limevikwa koti nene la plastiki inayong'aa. Bila umeme lilinishinda waziwazi: noti zake zilianza haraka na zilikuwa na mti ndani yake. Kwa umeme tofauti ilinywea. Tulifumba macho kwa zamu, na mara mbili mwenye gitaa alikosea.

Lakini niliona na yasiyoandikwa kwenye sifa. Freti zake zilikuwa zimelika mpaka nyuzi za juu zinakwaruza. Bamba lake la kukingia, la plastiki ya zamani iitwayo seluloidi, lilikuwa linaoza. Seluloidi ikioza hutoa mvuke unaokula chuma, na vifuniko vya karibu vilishaanza kutu. Swichi ilikatikakatika. "Hili siku hizi sitoki nalo, mdogo wangu," aliniambia. "Nikitoka nalo sipigi muziki, nalinda mali."

Kasoro za langu ambazo sikuziponya ninazo bado. Ncha za freti zilikwaruza kiganja msimu wa ukavu, nikazipitishia tupa. Koti la plastiki halitoki, na nadhani ndilo linalolinyima ile kasi ya mwanzo wa noti. Vigingi ni vya wastani.

Mwezi uliopita yule mpiga solo aliliazima kwa kazi ya siku mbili. Alilirudisha likiwa safi, matambara yangu yamekunjwa ndani ya sanduku karibu na boksi la zile pikapu, ambalo sijalifungua mpaka leo. Nilipolipiga nikagundua amepandisha daraja, nusu mzunguko hivi wa gurudumu la kulipandishia kwa kila upande, bila kusema. Nyuzi zimekuwa ngumu kidogo. Nimeliacha hivyo hivyo.