Kuhesabu kalori za chakula cha sufuria moja: nilivyofanya

Kwa wiki kadhaa daftari langu lilionyesha nakula kidogo, na uzito haukushuka. Ugali ndio niliokuwa naulaumu. Kumbe kalori zilikuwa zinapita kwenye mafuta na chai.

Lengo nililipata kwa fomula ya Mifflin na St Jeor ya mwaka 1990: kilo mara 10, jumlisha sentimita za urefu mara 6.25, toa miaka mara 5. Kisha mwanamke anatoa 161, mwanaume anajumlisha 5. Kwa kilo 78, sm 162 na miaka 35 nikapata 1,457, yaani kalori ambazo mwili unatumia kwa siku ukiwa umepumzika tu. Nikazidisha kwa 1.4, kwa kuwa kazi yangu ni ya kukaa, ikawa 2,040. Nikapunguza 400, lengo likawa 1,640 kwa siku. Hizo 400 ndizo zinazokupunguza, na ni chache kweli: kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ni kalori 120, kwa hiyo vijiko vitatu na ushee usivyoviandika vinazimaliza.

Programu za simu nazo zinapotosha. Ukitafuta chapati, mara nyingi unapewa kalori 100 hadi 120, maana ni ile ya Kihindi, nyembamba, iliyochomwa bila mafuta. Ya kwetu ni kitu kingine. Kilo ya unga wa ngano ina kama 3,640. Ikitoa chapati 12 na zikanywa gramu 150 za mafuta, kila moja ni kama 415. Wali ni mtego wa aina nyingine: gramu 100 za mchele mkavu ni kama 360, za wali ulioiva ni 130 hivi, na programu inaviweka vyote viwili. Kwa vyakula vya nyumbani nilihamia kwenye majedwali ya virutubisho vya vyakula vya Tanzania ya mwaka 2008. Kenya nao wana yao ya 2018.

Kilichonisaidia zaidi ya vyote ni kupima sufuria nzima. Pima sufuria tupu na uandike uzito wake kwenye karatasi ubandike kabatini, hutapima tena. Kila kinachoingia kipime kikiwa kibichi. Kwa mfano maharage makavu nusu kilo (1,680), mafuta vijiko vinne (480), tui zito la pakiti ml 200 (kama 400, soma pakiti yako), nyanya na vitunguu (100): jumla 2,660. Yakiiva, pima tena na utoe uzito wa sufuria. Yakibaki gramu 1,900, kila gramu ni kalori 1.4, na upawa wa gramu 250 ni 350. Waliobaki nyumbani wanakula watakavyo, hesabu yako haivurugiki. Ugali ni vilevile: unga nusu kilo ni 1,800, gawanya kwa uzito wa ugali ulioiva.

Mizani ya jikoni ya kilo 5 inatosha, lakini usiweke sufuria ya moto moja kwa moja juu yake, plastiki itapinda. Tanguliza ubao wa kukatia kisha bonyeza sifuri. Sufuria pana ikifunika namba, iinue kwa bakuli lililogeuzwa, na hilo nalo liwe juu kabla ya sifuri.

Mafuta usiyakadirie kwa kumimina kutoka kwenye dumu. Pima chupa kabla na baada ya kupika. Kila gramu iliyopungua ni kalori 9. Kwa maandazi, pima mafuta ya karai kabla, na baada yakishapoa. Yakipungua gramu 160 kwa maandazi 20, kila andazi limebeba 72 za mafuta peke yake, unga na sukari bado.

Chai: kikombe chenye ml 150 za maziwa na sukari gramu 12 ni kama 140. Vitatu kwa siku, zile 400 zimekwisha. Kijiko cha chai cha sukari kilichofurika si gramu 4, kipime.

Penye sinia, napakua changu pembeni kabla ya wengine kuanza. Inauma kidogo, kwa sababu kula pamoja kuna thamani yake, kwa hiyo nakaa palepale na wenzangu.

Mwili nao unachanganya. Dagaa wa chumvi, wanga mwingi au siku za hedhi hushika maji, na kilo moja au mbili huonekana bila mafuta kuongezeka. Najipima kila asubuhi baada ya choo, kabla ya chai, nalinganisha wastani wa siku 7 na wa wiki iliyopita. Wiki nne bila mabadiliko, nakagua mafuta kwanza, ndipo napunguza 150. Kila nikipungua kilo 5 napiga fomula upya, maana mahitaji yameshuka kama 70.

Mjamzito, anayenyonyesha na anayetumia insulini wasikate chakula kabla ya kuongea na daktari. Kwa wa insulini, sukari inaweza kushuka ghafla.