Siku moja maishani mwangu: fundi wa monita zisizo na sauti

Saa 12 kasoro robo asubuhi. Sijaswaki bado, na kwenye simu kuna jumbe tatu za sauti. Zote zinasema jambo moja: "Fundi, picha ipo safi, sauti hamna." Nina miaka tisa nikitengeneza vifaa vya umeme hapa Tandika, na siku hizi hii ndiyo kazi inayoniletea ugali. Monita za kompyuta za ofisini zilizotumika Ulaya zimejaa mjini, na nyingi hazina spika. Kioo kizuri, bei unaimudu kuliko televisheni mpya, watu wanabeba. Akifika nyumbani anachomeka king'amuzi, mpira unachezwa kama watu wako msibani.

Saa 2. Kariakoo, Mtaa wa Aggrey. Nachukua viboksi vinne vya kutoa sauti. Wenyewe madukani wanaviita ekstrakta. Ni kadude kama kipande cha sabuni ya kuogea. Upande mmoja waya wa HDMI unaingia kutoka kwenye king'amuzi au PS (mashine ya gemu, PlayStation), upande wa pili unatoka kwenda kwenye monita. Kati ya hapo sauti inatolewa pembeni: tundu la earphone, matundu mekundu na meupe ya kwenda kwenye sabufa, na mara nyingi tundu la waya wa mwanga (optical), unaobeba sauti kwa mwanga. Umeme wake ni volti 5, chaja ya simu inatosha. Watu wanadhani sauti imepotea. Haijapotea. Tangu HDMI ilipotoka mwaka 2002, picha na sauti zinasafiri kwenye waya huo huo mmoja. Monita isiyo na njia ya sauti inachukua picha tu.

Kijana wa dukani ananisukumia aina nyingine, bei karibu nusu. Nakigeuza, nakirudisha. Hakina swichi ya EDID pembeni. Mimi bila swichi hiyo sinunui, na sababu mtaiona mchana.

Saa 4. Nyumbani kwa mzee mmoja, mtaa wa pili kutoka kwangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nimekuwekea hela ya hicho kiboksi hapo mezani. Wameniambia bila hicho sitasikia taarifa ya habari."

Nikainama nyuma ya king'amuzi. Matundu matatu ya AV yapo, njano, nyeupe na jekundu, yamejaa vumbi, hayajawahi kuguswa. Nikayapangusa, nikatoa waya kwenye begi, nyeupe na nyekundu zikaenda moja kwa moja kwenye redio yake ya zamani. Ile ya njano nikaiacha inaning'inia, maana picha inapita kwenye HDMI. Ving'amuzi vingi vinatoa sauti njia zote mbili kwa wakati mmoja. Mtangazaji akaanza kusikika, mzee akasogeza kiti. Hela yake nikamrudishia, nikachukua ya waya tu. Akasisitiza nichukue na ya nauli, nikakataa, kwake nimekuja kwa miguu.

Naomba mafundi wenzangu tulishike hili. Kabla ya kumuuzia mtu kiboksi, zunguka nyuma ya vifaa vyake. Angalia AV ya king'amuzi. Angalia monita yenyewe, kuna ambazo hazina spika lakini zina tundu la earphone, na ukichomeka spika hapo kazi imeisha. Kama mtu anatumia laptop, tundu la laptop linatosha. Kiboksi kinafuata pale ambapo njia hizo zote hakuna.

Saa 6. Ofisini kwangu amekuja dada na TV boksi kwenye mfuko, saundiba kwapani. Huyu kiboksi alishanunua, fundi mwingine akamfungia, sauti ikagoma, akaambiwa kimeungua. Nikachomoa waya wa mwanga, nikaona ncha yake bado imevaa kile kifuniko cha plastiki kinachopitisha nuru. Kidogo kama punje ya mchele, rahisi sana kukosa kukiona. Waya ulikuwa umekaa nusu, haujazama. Nikakivua kwa ukucha, taa nyekundu ikaonekana kwenye ncha, nikachomeka mpaka ukalia "ka". Muziki ukatoka.

Akafungua filamu, kimya tena. Hapo tatizo lilikuwa jingine: TV boksi ilikuwa inatuma sauti ya Dolby ikiwa imefungwa, na ile saundiba yake ndogo haijui kuifungua. Nikaingia kwenye mipangilio ya sauti, nikachagua PCM, yaani sauti ya kawaida isiyofungwa. Sauti ikarudi. Dada amekaa wiki mbili akiamini amepoteza hela yake, na kifaa kilikuwa kizima muda wote. Inaniuma kila nikikutana na jambo kama hili.

Saa 8. Wali maharage kwa mama ntilie, harakaharaka.

Saa 9. Kibanda cha gemu, Temeke. Kijana mwenyewe ana monita mbili na PS4 mbili, zile Slim. PS4 ya kwanza, ya mwaka 2013, ilikuwa na tundu la mwanga nyuma. Slim ya 2016 wakaliondoa, na PS5 nayo hawakulirudisha. Kwa hiyo hapa kiboksi ni lazima.

Nikafunga. Picha ikaja, sabufa kimya. Watoto watano wameshika benchi wananitazama mikono.

Sasa ile swichi. PS ikiwaka, kabla haijatuma chochote inaiuliza monita: wewe unaweza nini? Monita inajibu kwa maelezo iliyoyabeba ndani yake, ndiyo hiyo EDID. Hii ya kwao ikajibu ukweli wake, picha naweza, sauti sina. PS ikasikia hivyo, haikutuma sauti kabisa. Na kiboksi hakiwezi kutoa kitu ambacho hakijaingia. Kwenye swichi kuna alama tatu. PASS maana yake jibu la monita linapita lilivyo. 2CH maana yake kiboksi kinajibu chenyewe kwamba hapa kuna spika mbili. 5.1 ni kwa wenye mfumo mkubwa. Ilikuwa PASS. Nikaisogeza hadi 2CH kwa ncha ya bisibisi, nikachomoa HDMI, nikairudisha ili PS iulize upya.

Kelele za uwanja zikajaa kibandani. Mtoto mmoja akaruka benchi zima. "Oya, kumbe kuna mtangazaji!" Miezi miwili wamecheza bila kujua.

Umeme wa kiboksi nikauchukua kwenye tundu la USB la PS yenyewe, chaja haikuhitajika. Monita ya pili ilichukua dakika kumi tu.

Saa 12 jioni. Nafunga ofisi. Mwenye kibanda anapiga: sabufa moja inaunguruma chini kwa chini. Nikamwambia achomeke PS, monita na sabufa kwenye extension moja, sabufa yeye aliipeleka ukuta wa pili. Baada ya muda kidogo akatuma ujumbe: imetulia.

Saa 3 usiku. Kesho Mbagala, PS5 moja na monita yenye HDMI moja tu. Mteja wa huko sabufa hana, anasubiri mshahara. Nimeifuta vumbi ya kwangu ya akiba, nimeiweka karibu na begi, atakaa nayo mpaka mwisho wa mwezi.