Usiku wa Pointi Moja Barazani Malindi

Jumamosi ya tarehe 28 Oktoba 2023, barazani kwetu Malindi hapakuwa na mazungumzo mengine ila Bellingham. Jioni ile ameifungia Real Madrid mabao mawili kule Barcelona, la pili dakika za nyongeza, na mashabiki wa Barcelona wamenuna na vikombe vyao vya kahawa. Ilipogonga saa nne usiku mjomba wangu akatoka ndani, akachukua rimoti, akageuza stesheni bila ya kumwuliza mtu. Fainali ya Kombe la Dunia la raga, Afrika Kusini na New Zealand, kutoka Stade de France. Vijana waliguna, lakini televisheni ni yake na baraza ni lake.

Mjomba alikuwa baharia, akaishi Durban miaka mingi, na Springboks, timu ya taifa ya raga ya Afrika Kusini, kwake si jambo la utani. Robo fainali waliwatoa wenyeji Ufaransa 29 kwa 28. Nusu fainali wakaitoa Uingereza 16 kwa 15. Mechi zote mbili alizitazama amesimama.

Mimi raga nikiisikia tu. Akanikalisha ubavuni mwake, akanifundisha: mpira wa mkono hupasiwa nyuma, trai, yaani kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, ni pointi tano; kiki inayofuata trai ni pointi mbili; penalti ni tatu. "Na usiufuate mpira peke yake, mwanangu. Mtazame yule namba saba."

Namba saba ni Pieter-Steph du Toit, na nashukuru mpaka leo kwamba niliambiwa. Wengi wanapoitaja fainali ile humtaja Handré Pollard, aliyepiga penalti nne na kupata pointi zote 12 za Afrika Kusini. Ni haki yake. Lakini kombe lile lililindwa kwa mabega. Kila Jordie Barrett wa New Zealand alipopokea mpira, du Toit keshafika, keshamshika, keshamlaza chini. Aliangusha watu mara 28 usiku ule, kwenye mvua. Nilizoea kudhani kujihami ni kungoja. Yule bwana alikuwa akijihami kwa kushambulia.

New Zealand walibaki wachezaji 14 badala ya 15 tangu kipindi cha kwanza, nahodha wao Sam Cane alipopewa kadi nyekundu. Hata hivyo walizidi kuja. Siya Kolisi, nahodha wa Afrika Kusini, naye akala kadi ya njano, ambayo katika raga ni kukaa nje dakika kumi. Dakika ya 58 Beauden Barrett akaweka trai kwenye kona, ikawa 12 kwa 11, na Richie Mo'unga akaikosa kiki ya pointi mbili. Barazani pakawa kimya. Hata muuza kahawa aliweka dele chini.

Zikibaki dakika saba hivi, Cheslin Kolbe wa Afrika Kusini akaupiga mpira kwa mkono kuzuia pasi. Kadi ya njano, penalti kwa New Zealand. Kolbe alikaa pembeni amejifunika uso kwa jezi yake. Jordie Barrett akaweka mpira, mbali, karibu na katikati ya uwanja. Mjomba aligeuza kichwa akaniambia, "Nitazamie weye." Nikamtazamia. Haukuingia.

Filimbi ya mwisho ilipolia alinikumbatia mpaka kofia yake ikaanguka. Kombe la nne, mechi tatu mfululizo kwa pointi moja moja! Kisha akampigia simu rafiki yake wa Durban, wakawa wanapiga kelele wote wawili, hakuna anayemsikia mwenzake.

Wale walioguna mwanzo hawakwenda kulala. Walitaka kujua kwa nini Cane apewe nyekundu na Kolisi njano, ilhali wote waligonga watu kichwani. Mjomba akakata simu, akamsimamisha kijana mmoja katikati ya njia awe Jesse Kriel, yule aliyegongwa na Cane, yeye mwenyewe akawa Cane.

"Tazama," akasema, "Cane kaja wima, hakuinama hata kidogo. Sasa njoo weye uwe Kolisi."